Majina Sita ya Shaba

Kwa miaka saba kazi yangu jeshini ilikuwa kusimama. Vijana niliojiandikisha nao walipelekwa kusini kwenye mapigano, wengine mpakani, na waliporudi walikuwa na makovu na mambo ya kusimulia. Mimi nilibaki Bunia nikilinda nguzo ya saruji. Nilipokwenda likizo kwetu upande wa Mahagi na watu wakaniuliza nimepigana na nani, niliwajibu kwamba hizo ni siri za jeshi.

Nguzo yenyewe ilikuwa mnara wa askari waliokufa katika vita vya Abisinia, wakati wa Wabelgiji. Watu kumi na mmoja wa Ituri waliondoka, wengine kwa lori na wengine kwa miguu, wakapitia Sudani, na hawakurudi. Wabelgiji wakawajengea mnara wa urefu wa watu wawili, juu ya jukwaa pana la saruji lililosuguliwa mpaka likawa laini kama meza, kando ya barabara kubwa, si mbali na soko. Wakati wetu, miaka ya sabini, serikali iliamua kwamba wale kumi na mmoja ni mashujaa wa Zaire, ingawa walipokufa hapakuwa na nchi yenye jina hilo, na ikaagiza wawekewe ulinzi wa heshima. Tulikuwa sita, pamoja na mkuu wetu. Wenzangu wanne walichaguliwa kwa urefu wao. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari miaka minne kwa mapadri, na mkuu alihitaji mtu wa kuandika ripoti.

Mkuu huyo kwa cheo alikuwa adjudanti, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Wabelgiji ndio waliomfundisha gwaride, na hakuwahi kuwasamehe kwamba waliondoka kabla hawajamaliza kumfundisha. Kanuni za mnara alizitoa katika ulinzi mmoja aliowahi kuuona Kinshasa ujanani, na pale alipokuwa amesahau alijaza mwenyewe. Walinzi wawili wasimame, mmoja kulia na mmoja kushoto, saa moja kamili. Wakati wa kubadilishana ni hatua kumi na mbili, si kumi na moja, kisha kugeuka, kisha kutulia mpaka vumbi la buti litue. Mlinzi hasemi. Hajikuni. Hafuti jasho. Nzi akitua usoni, ni nzi wa serikali, aachwe.

"Mulinzi wa mnara hapumue," alituambia siku ya kwanza. "Kama ni lazima apumue, apumue ndani."

Tulikuwa na bunduki zinazong'aa zisizo na risasi, na jozi mbili za glavu nyeupe kwa watu watano, kwa hiyo aliyemaliza zamu alimvulia anayeingia zikiwa bado na joto la mikono yake. Mikanda nayo ilitakiwa iwe myeupe. Chokaa ilipokwisha stoo, adjudanti aliagiza tuipake unga wa muhogo. Siku za jua unga ulikaa vizuri. Mvua ikinyesha, uligeuka bugali kiunoni. Na asubuhi moja mbuzi wa sokoni alipanda jukwaani akanilamba mkanda kutoka kushoto hadi kulia, bila haraka yoyote, huku mimi nikitazama mbele kama kanuni inavyotaka na wanafunzi wamesimama barabarani kunitazama. Adjudanti aliona yote kutoka ng'ambo ya barabara. Jioni alinisifu mbele ya wenzangu. Alisema hata ukope sikuupepesa.

Kuna jambo ambalo hatukupenda kulizungumza: mnara wetu haukuwa na majina. Zamani ulikuwa na bamba la shaba lenye majina ya wale kumi na mmoja. Kisha ikaja amri kwamba kila raia aache jina la ubatizo la Kizungu achukue la mababu. Sisi wazima tulipanga foleni ofisini tukabadilisha. Lakini bamba lilikuwa limejaa majina ya watakatifu wa Ulaya, na wenyewe hawakuweza kupanga foleni. Ofisi ikalifungua, ikalipeleka Kinshasa likatengenezwe upya, na likakaa huko. Kwa hiyo tulichokuwa tunakilinda, kwa usahihi wa ripoti nilizoandika mimi mwenyewe, ni nguzo yenye matundu manne ya skrubu. Katika tundu moja nyigu walikuwa wamejenga.

Aliyeona faida ya mnara huo kuliko sisi wote alikuwa mama mmoja mjane wa Nyakasanza, wa miaka hamsini na kitu. Kila asubuhi alifika na beseni la muhogo uliolowekwa, akautandaza jukwaani ukauke, maana mji mzima haukuwa na saruji laini kama ile. Tulishindwa la kufanya. Mlinzi aliye kazini haruhusiwi kusema wala kusogea, kwa hiyo hawezi kumfukuza mtu. Mlinzi asiye kazini hana mamlaka juu ya jukwaa. Ikabidi adjudanti aende mwenyewe.

"Mama, hapa ni fasi ya bashujaa."

"Najua, baba. Bwana yangu iko ndani ya ile hesabu yabo. Na muhogo alikuwa anapenda."

Adjudanti alitazama muhogo, kisha mnara. Alikuwa mtu wa kanuni, na katika kanuni zake zote hakuna hata moja iliyomtaja mke wa shujaa. Mwishowe aliamua kwamba muhogo uanikwe upande wa nyuma wa mnara, kwa mistari iliyonyooka. Mama alikubali, na kusema kweli mistari yake ilinyooka kuliko yetu.

Tulizoeana naye kwa namna ya pekee, kwa kuwa yeye alizungumza na sisi hatukuweza kumjibu. Huku akigeuza muhogo, alinisimulia habari za mguu wake unaouma, za binti yake aliyeolewa Fataki asiyekuja kumwona, za mwanamke wa sokoni aliyemuuzia samaki wa chumvi wenye mchanga. Zamu yangu ikiisha nilimwendea nikampa majibu yote kwa pamoja: mguu ukandwe na maji ya moto, binti atakuja Noeli, na kwa yule wa samaki asirudi tena. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jibu kama mtu anayepokea barua zake.

Ndipo siku moja ikaja karatasi kutoka ofisi ya zone, yaani wilaya. Kinshasa ilikuwa tayari kutengeneza bamba jipya, lakini ilitaka majina ya Kizaire ya wafu wote kumi na mmoja. Adjudanti aliisoma mara mbili kisha akaniita.

"Weye ulisoma kwa bapadri. Utaenda kutafutia bafu majina."

"Shefu, mufu anaweza kubadilisha jina?"

"Mufu ni raia. Na raia yote alibadilisha."

Nikapewa baiskeli, fomu, na majuma matatu. Nilipita Djugu, nikafika Fataki, nikateremka upande wa Irumu, nikiulizia watu waliokufa kabla sijazaliwa. Mzee mmoja alifikiri kwa muda mrefu, kisha akampa marehemu mdogo wake jina ambalo kwa lugha yao lina maana ya "aliniachia kazi yote". Familia nyingine ilichagua jina la kumsema jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ili alione kwenye shaba kila atakapokwenda mjini. Karibu na Fataki dada wa mmoja wao, mwanamke wa kanisa sana, aliniuliza kama jina jipya litapelekwa na mbinguni pia, maana kule kaka yake anajulikana kwa la zamani. Nilimwambia ofisi itashughulikia. Niliyaandika yote. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mashaka.

Wa mwisho alikuwa mama wa muhogo. Nilimkuta uani kwake Nyakasanza akimenya. Nilimweleza kwa upole wote niliokuwa nao, na kisu chake hakikusimama hata mara moja.

"Ya kwake sitabadilisha," alisema.

"Mama, ni amri."

"Yangu nilibadilisha. Batoto yangu balibadilisha. Lakini ule alikufa na jina yake. Leo bakimuita na ingine, ataitika namna gani?"

Nikatoka, nikamwuliza jirani yake jina la ukoo wa marehemu, nikaliandika mbele ya namba kumi na moja, na nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Ripoti niliipiga kwa mashine ya ofisi, kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa wa wafu. Wa kwanza, kama adjudanti alivyotaka, ulikuwa wa kukitambulisha kikosi cha ulinzi: jina lake na cheo chake juu kabisa, langu la pili kwa kuwa ndimi mwandishi, kisha ya wenzangu wanne. Ikapelekwa kwa ndege. Zaidi ya mwaka ulipita kabla bamba halijashuka uwanja wa ndege ndani ya sanduku la mbao.

Adjudanti hakuturuhusu tulione kabla ya sherehe. Alisema kuwachungulia mashujaa ni kuwakosea heshima. Fundi wa serikali alilikaza kwa skrubu huku limefunikwa bendera, na mkuu wetu akasimama karibu naye akiwa amegeuza mgongo, ili naye asije akajaribiwa.

Kwa sherehe alikuja komiseri, mkuu wa mkoa, kutoka Kisangani. Wanafunzi walipangwa barabarani, akina mama walicheza wakiwa na vitenge vya chama, tarumbeta ikalia. Taji la maua lilikuwa lile lile la plastiki la kila mwaka, lililokuwa likikaa ofisini nyuma ya mashine ya kuandikia, na kwa kuwa panya walikuwa wamelila upande mmoja, upande huo uliegemezwa kwenye nguzo. Komiseri akavuta bendera. Kwanza alisoma maneno ya juu, kwamba hawa ni wana wa nchi waliomwaga damu yao kwa ajili ya taifa. Kisha akaanza majina, kwa sauti nzito, akiacha nafasi kati ya moja na lingine.

Jina la kwanza lilikuwa la adjudanti.

Nilikuwa nimesimama pembeni mwake. Niliona masikio yake yakisogea, basi. La pili lilikuwa langu. Askari aliyefundishwa, jina lake likitajwa na mkubwa, mdomo hufunguka peke yake, na nilikaza meno mpaka taya likauma. Lakini la tatu lilikuwa la kijana aliyekuwa mdogo kuliko sisi wote, naye hakuwa mtu wa kukaza meno.

"Présent!" akaitikia, kwa nguvu, kama asubuhi kambini.

Komiseri akainua macho kutoka kwenye bamba. Wakati ule nilimwelewa adjudanti kwa nini alifika cheo kile. Alijua kwamba kosa la mtu mmoja ni kosa, na kosa la kikosi kizima ni gwaride. Akapiga hatua moja mbele, akasema "Présent", kwa sauti ya utulivu, kwa ajili ya jina lake. Nami nikapiga hatua nikasema kwa ajili ya langu. Komiseri akaendelea, na kila jina alilosoma mmoja wetu alipiga hatua na kuitikia. Alipomaliza, wanawake wa mbele walikuwa wanalia, na yeye mwenyewe alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Baadaye alimshika adjudanti mkono. Alisema hata Kinshasa hajaona wafu wakiitikiwa kwa heshima namna ile, na akauliza jambo hilo limetoka wapi.

"Ni desturi ya zamani, Citoyen Komiseri," adjudanti alijibu.

Komiseri akaagiza lifanyike kila mwaka.

Magari yalipoondoka tulibaki sita mbele ya bamba. Shaba ilikuwa nzuri, herufi zimechongwa vizuri, hakuna hata moja iliyokosewa.

"Balichukua ukurasa ya kwanza, Shefu," nilisema.

"Naona."

"Tuandike barua?"

"Ya kusema nini? Kama Kinshasa ilikosea?" Alirekebisha kofia yake. "Kinshasa haikosee. Kama inasema tulikufa, basi tulikufa. Lakini zamu ya saa nane iko palepale."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kulilinda jina langu mwenyewe. Siku za kusafisha nililisugua kwa majivu na ndimu pamoja na yale mengine, nikijaribu nisilipendelee. La adjudanti liling'aa kuliko yote, na hakuna aliyewahi kuona anayeling'arisha. Kila mwaka tuliitwa na tuliitikia, na watu wa mji walizoea kuleta wageni wao kutazama.

Kosa langu lilikuwa lingine. Siku ya pili baada ya sherehe, mama wa muhogo alingoja zamu yangu iishe. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri alicholetewa kutoka Ariwara, na beseni hakuja nalo.

"Mwanangu, weye unajua kusoma. Nionyeshe ya bwana yangu."

Nilipaswa kumwambia. Nilikuwa na maneno yenyewe mdomoni. Lakini alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake kuelekea kwenye shaba, anangoja tu nimwambie uende wapi, na kidole changu kikapanda mpaka mstari wa pili. Ya wenzangu yalikuwa ya wenyewe, na la adjudanti nisingethubutu. Langu niliona naweza kuliazima.

"Iko hapa, mama."

Aliligusa herufi moja moja. "Ni ile ya zamani, ao baliweka ingine?"

"Ni ya zamani," nilisema. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuanika, alipitisha kitambaa chenye mawese kidogo juu ya mstari wa pili, kisha akafanya ishara ya msalaba na kuomba kwa sauti ndogo roho hiyo ipumzike kwa amani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kanuni haikuniruhusu kusema amina.

Iliendelea hivyo karibu mwaka. Kisha mfanyabiashara mmoja wa kwetu, akipita Bunia kungoja lori, alikuja kutazama mnara. Alijua kusoma na alinijua kwa jina. Siku hiyo mlinzi wa upande wa kulia nilikuwa mimi. Hakunitazama usoni, baadaye alijitetea kwamba hakuna anayemtazama mlinzi. Akarudi kwetu na habari kwamba nimekufa kwa ajili ya nchi na nimeandikwa kwenye shaba. Nyumbani wakaweka matanga.

Mama yangu hakutosheka na matanga. Alipanda lori pamoja na shangazi yangu kuja kuona kaburi. Nilikuwa zamuni, kama saa nne asubuhi, nilipowaona wakishuka upande wa soko, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono kichwani. Sauti ya mama niliitambua kabla sijauona uso wake. Alipita mbele yangu akilia, karibu kiasi cha kuniparuza kwa kitenge, na hakunitambua. Kofia ya chuma imeshuka mpaka kwenye nyusi, glavu, macho yametazama mbele; ndani ya vitu hivyo hamna mtoto wa mtu.

Akamwendea mwanamke pekee aliyekuwa pale, mama wa muhogo, ambaye ndiyo kwanza anaanza kufuta shaba.

"Dada, balisema mutoto yangu iko hapa. Nionyeshe jina yake," alisema, akanitaja.

Mama wa muhogo hakujua kusoma. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anapumzika ukingoni, mtu mwema asiyefikiri sana, akainuka kusaidia.

"Ni ile ya pili, mama. Ile yenye mafuta."

Mama yangu akaweka kiganja chake juu ya jina. Kwa pembe ya jicho nilimwona mama wa muhogo akikitazama kile kiganja, kisha kitambaa mkononi mwake, kisha mimi.

Nilikuwa nimebakiza dakika ishirini. Kanuni inakataza kufuta jasho, na nadhani na machozi yamo humo. Yaliteremka mpaka kidevuni yakaanza kudondoka kwenye mkanda, kwenye unga. Ndiyo yaliyomfanya mama yangu ageuke. Alikuja mbele yangu, akainama kutazama chini ya kofia.

"Ni weye?" akauliza.

Sitaki kujitetea. Adjudanti alikuwa ng'ambo ya barabara, miaka yote ile ilikuwa mwilini mwangu, na mwili haukujua jambo lingine la kufanya mahali pale. Nilitazama mbele. Mama akaingiza mkono ndani ya koti langu, upande wa kushoto.

"Moyo iko napiga," alimwambia shangazi. "Lakini hasemi."

"Pengine serikali inabaweka vile," shangazi akajibu.

Kisha nikasikia buti. Adjudanti alikuwa anavuka barabara, kwa mwendo wake wa gwaride, na magari yakimngoja. Alisimama mbele yangu akapiga saluti. Akanipokonya bunduki, akanivua glavu moja baada ya nyingine akazivaa yeye. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akisimama zamu. Bunduki ilimfika sikioni.

"Enda kwa mama yako," alisema bila kusogeza midomo. "Kimbia."

Sikukimbia. Nilikwenda hatua kumi na mbili, nikageuka, nikatulia, kwa sababu miguu haikujua njia nyingine ya kuondoka pale. Kisha nikamwangukia mama. Alinikumbatia, akanipiga mgongoni mara kadhaa kwa ngumi, akanikumbatia tena.

Kwetu furaha ilikuwa kubwa, ingawa si kwa wote. Koti langu la Jumapili lilikuwa limekwisha kupewa binamu, na baiskeli yangu alikuwa ameirithi mjomba. Nilipoidai, mjomba alinieleza kwa utulivu kwamba matanga yalifanyika sawasawa, katekista alikuwepo, na mambo yaliyofanyika sawasawa hayavunjwi. Ninavyojua aliiendesha mpaka ilipokatika fremu.

Mama wa muhogo alibeba muhogo wake siku ile ile, kabla hata ya kuuanika, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya nne adjudanti alikagua nyuma ya mnara, akauliza, "Muhogo iko wapi?" kama anavyoulizwa askari aliyekosekana kwenye mstari. Nikaenda Nyakasanza.

Alinipa kiti. Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao mkononi, akauweka chini, ndipo akaniambia:

"Mwaka muzima niliomba roho yako ipumzike. Na weye ulikuwa unasimama pale, unasikia."

"Ndiyo, mama."

"Niliona unakonda. Nilisema ni chakula ya kambi. Kumbe ni miye."

Nilicheka, na mara nikajuta. Lakini naye alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, na haikuchukua muda nikatambua kwamba sasa analia. Nilingoja. Kisha nikamwambia mambo yote tangu mwanzo: kurasa mbili, wa kwanza na wa pili, jina nililoliomba kwa jirani yake na kuliandika bila ruhusa, na kwamba mume wake hayupo kwenye shaba, wala wale wengine kumi.

"Basi hakuna mutu alibadilisha jina yake," alisema.

"Hakuna, mama."

"Ile ni muzuri." Akachukua muhogo mwingine, akaugeuzageuza. "Lakini sasa haiko fasi yoyote."

"Haiko."

"Weye unajua kuandika. Iandike."

Nilimweleza kwamba mnara hauguswi, na kwamba mimi nimewekwa pale kusudi mtu asiuguse. Akaniuliza ni nani atakayenikamata. Nikafikiri, nikaona mtu wa kunikamata ni mimi.

Jumamosi watu wote walikuwa kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, na sisi tulipewa kupaka mnara chokaa. Wenzangu walipokuwa upande wa mbele, mimi nilipiga magoti nyuma, nikiwa na msumari na nyundo, nikachonga chini kabisa, kwenye usawa wa muhogo. Jina la ubatizo kwanza, lile lililokatazwa, kisha la baba yake. Saruji ya Wabelgiji ni ngumu. Herufi zilinichukua asubuhi nzima, na mikono ilivimba hata glavu hazikuingia.

Jumatatu adjudanti alipokagua alizunguka moja kwa moja nyuma. Alichuchumaa, magoti yakalia. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma lugha aliyoiacha zamani. Nilisimama wima nikihesabu siku za gereza.

"Herufi ya tatu iko nalala," alisema. "Inyooshe."

"Ndiyo, Shefu."

"Na bale kumi?"

Fomu ya zamani nilikuwa nayo, na safu yake ya kwanza ilikuwa ya majina yao ya ubatizo. Jumamosi iliyofuata alikuja na patasi yake na rula ya ofisi, akaketi karibu yangu kuangalia mistari isipinde. Tulichonga moja kwa kila salongo, ukiacha zile za mvua, mpaka tukawamaliza. Kwenye ripoti niliandika: matengenezo ya upande wa nyuma. Mama wa muhogo alirudi kabla hatujafika la tatu. Aliniuliza habari za mama yangu, na zamu ilipoisha nikamjibu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Kisangani kulinda ghala la mafuta. Kule mlinzi aliruhusiwa kuketi, kuzungumza na wapita njia, kuvuta sigara mbali kidogo na mapipa, na kujikuna atakavyo. Miezi ya kwanza sikujua mikono niiweke wapi.